Mashua Bado Imefungwa Kamba

Jamani, nimeiona! Saa nane ya usiku, umeme ndiyo kwanza umerudi, bando limebaki la kuungaunga, na mimi nimekaa kitako sakafuni naitazama merikebu iliyoundwa mwaka 1873 imesimama wima chini ya Ziwa Huron, kule mpakani mwa Marekani na Kanada. Haikulala ubavu. Haikumeguka vipande. Imekaa juu ya tope kama jahazi lililokaa mchangani maji yakiwa yamekupwa, na milingoti yake yote mitatu, narudia, yote mitatu, ingali imesimama. Nikaisimamisha video. Nikairudisha nyuma. Nikaisimamisha tena. Nilipiga ukelele mpaka mtu wa chumba cha pili akauliza kama nimepigiwa simu ya msiba.

Jina lake Ironton. Urefu mita 58, mwili wa mbao, merikebu ya matanga ya aina ya skuna. Ilizama tarehe 26 Septemba 1894, ikaja kuonekana mwaka 2019, na ulimwengu ukatangaziwa Machi 2023. Piga hesabu mwenyewe: miaka 125 gizani. Sasa niambie, mlango wa mbao wa nyumba yako una umri gani, na umeshabadilishwa mara ngapi? Wa kwangu huu ni wa tatu.

Mimi ni mgonjwa wa meli zilizozama, sifichi. Nimeangalia picha za meli za chuma zilizooza zikawa kama pumba, nimeangalia marundo ya mawe na mitungi ambayo mtaalamu anakuapia kwamba hapo palikuwa na chombo, nami nikaitikia kwa heshima tu. Hii siyo hivyo. Hii huhitaji mtaalamu akuambie. Mtoto wa chekechea ataiona na kusema: meli.

Walioipata ni watu wa Hifadhi ya Thunder Bay, iliyoanzishwa mwaka 2000 katika maji ya Michigan, makao yake mji wa Alpena. Kona ile ya ziwa ilikuwa njia kuu ya vyombo, ina ukungu, ina dhoruba, ina miamba, na vyombo vikapishana humo kama daladala saa za jioni. Karibu meli 100 zilizozama zinajulikana ndani ya hifadhi hiyo peke yake. Mwaka 2017 walikuwa wameshaipata Ohio, stima iliyogongana na Ironton usiku ilipozama, ikiwa kwenye kina cha kama mita 90. Fikiria basi: ajali ya vyombo viwili, kimoja umekiona, cha pili hakipo. Lazima kiko jirani, lakini jirani ya wapi? Mwaka 2019 wakaja wenzao wa Ocean Exploration Trust, taasisi ya Robert Ballard, yule yule aliyeiona Titanic mwaka 1985, na wakaja na chombo kidogo kisicho na baharia hata mmoja, kiitwacho BEN, cha Chuo Kikuu cha New Hampshire. Kazi ya BEN ni kwenda na kurudi juu ya maji kama mtu anayelima matuta, akituma sauti chini na kusikiliza mwangwi unavyorudi. Mwangwi ukarudi na umbo la merikebu nzima. Mwaka 2021 zikashushwa roboti zenye kamera na taa, na hizo ndizo picha zilizoninyima usingizi.

Ngoja sasa nikupeleke upande wa tezi.

Huko nyuma, kwenye shetri, kuna mashua ndogo. Mashua ya uokoaji. Imekaa chini ya ziwa pamoja na mama yake, na kamba bado imeifunga. Kama hujui kisa, utaona ni kitu kizuri tu cha kutazama. Ukishajua kisa, utaweka simu chini kidogo.

Enzi zile moshi ulikuwa umeshaanza kuyala matanga. Merikebu nyingi zilizokuwa zikijitegemea kwa upepo ziligeuzwa matishali: milingoti zilibaki nayo, matanga zilibaki nayo, lakini zilifungwa kamba nyuma ya stima na kukokotwa kama ng'ombe kwenda mnadani. Ndivyo ilivyokuwa Ironton. Stima Charles J. Kershaw ilitoka Ashtabula, bandari ya jimbo la Ohio, ikikokota mbili, Ironton na nyingine yenye jina tamu, Moonlight. Zote mbili tupu, safari ni ya Marquette, kaskazini ya Michigan. Usiku wa manane injini ya Kershaw ikafa. Upepo wa kusini ulikuwa mkali, nao ukaanza kuzisukuma zile mbili zilizoko nyuma zije ziivae stima iliyosimama mbele. Watu wa Moonlight wakaona hatari, wakafanya uamuzi: wakaikata kamba iliyowaunganisha na Ironton.

Ikawa Ironton iko peke yake, giza, upepo, watu saba. Wakahangaika kutweka matanga na kukishika chombo kisiende ovyo. Kikaenda ovyo. Kikatoka kwenye njia yake na kuja kukutana uso kwa uso na Ohio, stima ya mbao iliyobeba tani 1,000 za nafaka. Ohio ikazama upesi, lakini watu wake 16 waliokolewa wote. Ironton ikaendelea kuelea zaidi ya saa nzima, ikipeperushwa mbali na macho ya waliokuwa wakiokoana, hadi nayo ikakubali. Nahodha na watu wake wakaingia kwenye mashua ile. Hakuna aliyeifungua kamba. Chombo kilipokwenda chini kikaivuta mashua pamoja na waliomo. Watano walikufa. Wawili walielea wakiwa wameshika vitu vya kushika, mpaka stima iliyopita ikawaokota, na kwa ajabu ya mambo wote wawili waliitwa William: William Wooley na William Parry.

Wooley alisimulia magazetini mwaka ule ule. Habari ya kamba aliisema yeye. Miaka 125 ilikuwa ni maneno ya mtu mmoja aliyetoka kwenye maji ya baridi akitetemeka, na msomaji angeweza kuamini au kutoamini. Leo kamba ipo. Naitazama. Mashua ipo, imefungwa, hakuna aliyeigusa tangu usiku ule. Nimesoma kesi nyingi na sijawahi kuona shahidi aliyeungwa mkono namna hiyo.

Asubuhi sikusubiri chai. Nilikwenda kwa mjomba wangu, ambaye ujana wake wote ulipita majahazini, Tanga, Pemba na Mombasa, na mikono yake hadi leo imekunjika kama imeshika kamba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kumekucha na nini asubuhi yote hii?"

Nikamwekea video bila kumwambia kitu. Akaisogeza simu karibu, akaisogeza mbali, akafumba jicho moja. Kwenye milingoti akaguna. Kwenye zile kamba zilizobaki zimeshikana na milingoti na boriti zake akaguna tena, guno refu zaidi. Tulipofika shetrini akanirudishia swali kabla sijafungua mdomo.

"Hiyo mashua mbona imefungwa?"

"Ilisahaulika kufunguliwa, mjomba."

"Haikusahaulika. Kamba imelowa, chombo kinaivuta kwenda chini, utaifungua kwa vidole? Hapo panataka kisu. Kisu kilikuwa kwa nani?"

Nikakosa la kusema. Kisu kilichotumika usiku ule kilikuwa Moonlight.

Halafu akauliza la pili, na hili ndilo lililonifanya niandike makala hii badala ya kurudi kulala. "Chombo cha mwaka gani hiki?" Nikamwambia 1873. "Unanidanganya. Mbao hizi mbona hazijaliwa?"

Swali la baharia hilo! Kwa mtu wa pwani, mbao iliyokaa majini ni mbao inayoliwa. Mjomba alitumia nusu ya maisha yake akipigana na yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Chombo hupandishwa pwani, husuguliwa, ubavu hubabuliwa kwa moto wa makuti makavu ili mdudu afie humo humo, kisha hupakwa deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta, na juu ya maji hupakwa sifa, mafuta ya papa yenye harufu ambayo hata ukioga mara saba bado ipo. Baada ya miezi michache unaanza upya. Ukizembea, chombo kinageuka sega la nyuki, na siku kikipasuka unaona vishimo vyake vyote, vya kutosha kupenyeza kidole. Wataalamu humwita mdudu huyo Teredo navalis, na ukimtazama utasema mnyoo, kumbe si mnyoo hata kidogo: ni ndugu yake kome na chaza, mwenye magamba mawili madogo kichwani anayoyatumia kama keekee.

Lakini ana udhaifu mmoja mkubwa. Bila chumvi haishi. Kwenye ziwa la maji baridi hayupo.

Ongeza na baridi yenyewe. Maji huwa mazito kupita yote yakiwa kwenye nyuzi kama 4 za Selsiasi, kwa hiyo maji ya kiwango hicho ndiyo hushuka na kulala chini, majira kwa majira, wakati juu kunaganda barafu au watu wanaogelea. Kwenye friji la namna hiyo vijidudu vya kuozesha hufanya kazi kwa uvivu mkubwa. Chuma nacho hakiliwi upesi kama kwenye chumvi. Na kina kikishapita mita 80 au 90, mawimbi hayafiki, barafu haifiki, nanga za wavuvi hazifiki, mzamiaji wa kawaida hafiki. Giza, baridi, utulivu. Mjomba akasikiliza yote akasema, "Basi hao wamepewa bure tulichokuwa tunakilipia."

Ukitaka kujua walivyopewa, linganisha na Mombasa. Mwaka 1697, Wareno wakiwa wamezingirwa ndani ya Fort Jesus, meli yao ya vita Santo António de Tanná ilizama pale pale chini ya ngome. Wanaakiolojia waliichimba kati ya 1977 na 1980, kazi nzuri mno, na vitu vilivyotoka humo vinaonekana kwenye makumbusho ya ngome hadi leo. Nenda ukaviangalie. Lakini kilichobaki cha mwili wa meli ni kile kilichokuwa kimezikwa na tope. Kilichobaki nje ya tope, bahari ilikwishakila. Mlingoti? Sahau mlingoti.

Sasa nakuja kwenye ya pili, na hii nilikaribia kuikosa kwa sababu ya jina. Nilidhani ni tangazo la utalii. Meli inaitwa Africa.

Naam, Africa, na iko chini ya Ziwa Huron hilo hilo, upande wa Kanada, kwenye kina cha kama mita 85. Stima ya mbao, ndogo, urefu mita 45. Imeundwa mwaka 1873, sawasawa na Ironton. Oktoba 1895, mwaka mmoja tu baada ya Ironton, ilitoka Ashtabula, bandari ile ile, imebeba makaa ya mawe kupeleka Owen Sound, jimbo la Ontario, huku inakokota tishali liitwalo Severn. Njiani ikaangukiwa na dhoruba ya theluji iliyowahi kuliko msimu wake. Kamba ikaachana. Severn ikasukumwa hadi kwenye miamba ya ufukweni na watu wake wakaokolewa. Africa, iliyokuwa ndiyo mvutaji, yenye injini na moshi, ikatoweka na watu wake 11.

Umeona ilivyogeuka? Kwa Ironton kamba ilikatwa akafa anayevutwa. Kwa Africa kamba ilikatika akafa anayevuta. Na kamba ya tatu, ile ya mashua, iliua kwa kutokatika. Nimekuwa nikiziwaza kamba hizi tatu wiki nzima, sokoni, kwenye foleni, nikiwa nafunga mzigo kwenye bodaboda.

Africa ilipatikana mwaka 2023, na walioipata hawakuwa wanatafuta meli. Yvonne Drebert na Zach Melnick ni watengeneza filamu, walikuwa wanatengeneza filamu yao All Too Clear, habari ya kome wageni waliovamia maziwa yale. Wanasayansi waliokuwa wakihesabu samaki waliwadokezea kwamba vyombo vyao vimeonyesha nundu fulani kwenye sakafu ya ziwa, mahali ambapo hapapaswi kuwa na nundu. Wakatoka na boti, wakashusha roboti yao yenye kamera, na kutoka kwenye kiza likawajia umbo la meli. Nimeitazama video hiyo mara nne. Hakuna muziki wa filamu ya kutisha unaoweza kufanya kazi inayofanywa na ule ukimya wa rangi ya kijani kabla ubavu wa meli haujatokea mbele ya taa.

Kisha inatokea, na mwanzo huelewi unachokiona. Mbao ziko wapi? Huoni mbao. Unaona manyoya, unaona mawe madogo madogo, unaona kitu kama ukuta uliopigwa lipu na mwendawazimu. Ni kome. Kila inchi. Wamepandana tabaka juu ya tabaka, kwenye ubavu, kwenye sitaha, kwenye kila kona. Ilibidi meli itambuliwe kwa vipimo vya urefu na upana wake, na kwa makaa ya mawe yaliyotapakaa kando yake. Makaa yale yale yaliyopakiwa Ashtabula.

Hapa ndipo penye utamu na uchungu wa jambo zima. Kome hao, kwaga kwa jina, kwao ni mito ya Ukraine inayomwaga maji Bahari Nyeusi. Walikuja Amerika mwishoni mwa miaka ya 1980 ndani ya maji ya farumi, yale yanayotiwa tumboni mwa meli ya mizigo ili isiyumbe ikiwa tupu. Meli ikifika inayamwaga, na kila kilichokuwa ndani kinashuka bila pasipoti. Kazi ya kome ni kuchuja maji na kula vijimea na vijidudu vyote vinavyoelea, navyo ndivyo chakula cha mwanzo cha kila samaki. Wamezaana kwa namna isiyosemeka, hawaogopi kina wala baridi, na wamechuja ziwa hadi maji yameangaza kupita kiasi. Jina la filamu linacheza na neno hilo hilo. Samaki weupe waliokuwa uhai wa wavuvi wa Huron wamepungua vibaya. Maji mazuri ya kupiga picha, sufuria tupu.

Kwa hiyo sababu ya Africa kuonekana vizuri hivi kwenye kamera ni kome. Na watakaoimaliza Africa ni kome. Uzito wao unazielemea mbao za zamani, na mahali wanaposhikilia, misumari na komeo za chuma zinaliwa upesi zaidi. Yule mdudu wa chumvi aliyemsumbua mjomba hakufika Huron. Amefika binamu yake, asiyehitaji chumvi.

Nilipomweleza mjomba hili hakucheka. Aliuliza kama mbao hizo zinaweza kupakwa deheni zikiwa huko huko chini. Nikamwambia sidhani.

Nisikuache bila kukutajia ya tatu, Gunilda, kwa sababu hii ni ya kucheka, hakuna aliyekufa siku ilipozama. Yoti ya chuma ya William Harkness, tajiri wa fedha za Standard Oil, nakshi za dhahabu omoni, na piano ndani. Mwaka 1911 ikawa inatembea Ziwa Superior, karibu na Rossport, Ontario, kwenye maji yenye miamba. Tajiri akashauriwa achukue rubani wa mwenyeji anayeijua njia. Vijana wa leo wakisikia rubani wanafikiria ndege, lakini rubani wa asili ni huyu wa maji. Tajiri akaona gharama. Yoti ikapanda mwamba. Ikaja stima kuivuta, akashauriwa atafute na tishali la kuiegemeza isipinduke. Akaona gharama. Ikavutwa, ikalala ubavu, ikajaa maji, ikaenda mita 80 chini mbele ya macho yake. Jacques Cousteau na watu wake waliitembelea mwaka 1980, na dhahabu ilikuwa bado inang'aa. Ubahili uliohifadhiwa barabara namna hii sijawahi kuuona.

Na sisi je, wa maziwa yetu? Yetu si friji. Tanganyika ni maji ya vuguvugu. Lakini lile la kukosa chumvi tunalo pia, na ushahidi wake tumeupanda kwa miguu yetu. Liemba ilianza ikiwa Graf von Götzen, imeundwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, ila mafundi wake waliipaka injini grisi nzito kwanza, kwa matumaini ya kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiinua Machi 1924, na mwaka 1927 ikaingia kazini kwa jina jipya. Niliwahi kulala sitahani mwake kutoka Kigoma kwenda kusini, kichwa juu ya gunia la dagaa, na sikujua wakati ule kwamba nimelala juu ya meli iliyowahi kukaa miaka chini ya maji. Hao mafundi wa grisi nawavulia kofia.

Sasa ya kiutendaji, maana nishaulizwa na watu watatu. Ironton huwezi kwenda kuiona kwa macho yako, labda uwe mzamiaji wa daraja la juu kabisa, mwenye mchanganyiko maalumu wa gesi na moyo wa chuma. Walipoitangaza hawakusema iko wapi hasa, na mimi nawaunga mkono mia kwa mia: watu wana vidole vyepesi, na sheria ya Michigan inakataza kuchukua chochote kwenye meli zilizozama. Kama una ndugu anayeishi Detroit au Chicago na ana gari, mwambie aende Alpena wakati wa kiangazi, apande boti ya kioo kama zile za Watamu, ataona mbavu za meli nyingine zilizozama kwenye maji ya kina kifupi. Sisi tuliobaki huku tutatazama video. Nina lawama moja kwa video za Ironton: ni fupi. Nataka dakika arobaini za polepole, kutoka omo hadi tezi, bila muziki, bila mtu kunieleza. Nilipishe, nitalipa.

Ushauri wangu: usitazame kwenye simu kama nilivyofanya mimi. Tafuta skrini kubwa, zima taa, anza na picha ya mwangwi iliyochorwa na BEN ili ulione umbo zima, ndipo uingie kwenye picha za roboti. Africa itazame baadaye, na uitazame mapema katika maisha yako, kwa sababu kome hawasubiri. Kama nyumbani kuna mzee aliyewahi kushika usukani, mkalishe mbele umwache aongee yeye.

Hukumu yangu ndiyo hii. Gunilda ya tatu. Africa ya pili, na ingekuwa ya kwanza kama ningeweza kuona ubao wake hata mmoja. Ya kwanza ni Ironton, na anayebisha aende kwanza shetrini akaitazame ile kamba.